Pleya ya Santuri Si Urembo wa Sebuleni

Watu wangu wa Kibabii, Bungoma na Kitale, kuna pleya za santuri za bei ya shamba. Ukiuliza bei imetoka wapi, unaonyeshwa mbao inayong'aa. Hebu tusome historia kwanza.

Gramafoni za kuzungusha kwa mkono zilikuwa na sindano ya chuma na kichwa kizito, mara nyingi zaidi ya gramu 100. Kila ukicheza wimbo, unaukwangua kidogo.

Mwaka wa 1961 Mmarekani Edgar Villchur wa Acoustic Research akatoa pleya tofauti. Sahani na mkono vilikaa pamoja juu ya springi, mota ikabaki kando. Mtetemo wa mota na kishindo cha miguu havikusumbua sindano. Bei? Chini ya dola 100! Siku hizi sindano nzuri inakanyaga kwa takriban gramu 2 tu.

Sasa hiyo inatuhusu aje? Miaka ya 60, Equator pale Nairobi ilitoa nyimbo za Daudi Kabaka na Fadhili William kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. George Mukabi, fundi wa gita la omutibo, alifariki 1963. Hawezi kuimba upya ndio turekodi.

Kwa hivyo mwenye pesa, lipia mkono mzuri na mota tulivu, si urembo. Na wewe uliyeachiwa santuri na babu, usiiwekee sindano mbovu juu ya kutafuta laiki. Ikilika, imeenda.