Nani Alale Nairobi: Malazi, Sheria na Mitaa ya Kibera na Kawangware

Kitabu chochote cha wasafiri kuhusu Nairobi hujibu maswali mawili: mgeni alale wapi, na akiamka atazame nini. Majibu yamezoeleka tangu hoteli ya Norfolk ilipofungua milango yake siku ya Krismasi mwaka 1904. Malazi yako katikati ya mji au katika vitongoji vyenye miti vya magharibi, na cha kutazamwa ni wanyama wa porini. Kibera na Kawangware, zikitajwa, hutajwa kama mahali pa kuonea umaskini. Nashikilia kwamba mpangilio huo umeipindua historia. Swali la nani aruhusiwe kulala Nairobi ndilo lililoijenga mitaa hii miwili, na asiyejua jinsi lilivyojibiwa kwa sheria na kwa mipaka ya ramani hataielewa Nairobi, hata akikaa hoteli nzuri namna gani.

Kisa kinaanza kabla ya mji wenyewe, na kinaanza kwa ukarimu. Oktoba 1890, Frederick Lugard alifika Dagoretti kwa niaba ya kampuni ya Waingereza iliyotaka kuitawala Afrika Mashariki. Waiyaki wa Hinga alimpokea, wakala kiapo cha undugu, na ngome ikajengwa magharibi mwa ilipo Kawangware leo. Undugu huo haukudumu: watu wa kampuni waligombana na wenyeji kwa chakula, ngome ikahamwa, na mwaka 1892 Waiyaki mwenyewe alikamatwa, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Wakati huohuo Lugard alikuwa amekwisha kuendelea na safari. Mwaka 1891, karibu na Ziwa Albert, aliwachukua askari wa Kisudani waliokwama kusini baada ya Khartoum kutekwa na jeshi la Mahdi mwaka 1885. Askari hao waliwapigania Waingereza Uganda, kisha wao na wenzao wakaingizwa katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Wazee wao, waliokuja kuitwa Wanubi, walipostaafu, mahali walipopewa pa kukaa palikuwa Kibera.

Hapo ndipo ushahidi wa hoja yangu unapokuwa wazi. Kibera haikuota yenyewe kama uyoga pembeni mwa mji. Ilitangazwa rasmi mwaka 1918 kuwa eneo la jeshi, yenye ukubwa wa ekari 4,197, na Wanubi walipewa vibali vya kujenga na kulima humo. Kwa askari aliyemaliza utumishi bila pensheni, kibali hicho ndicho kilichokuwa malipo yake. Lakini kibali si hati ya kumiliki. Mwaka 1928 eneo liliondolewa mikononi mwa jeshi na kukabidhiwa utawala wa kiraia, na miaka michache baadaye tume ya ardhi iliyoongozwa na Morris Carter iliamua kwamba Wanubi walikuwa wapangaji wa Taji la Uingereza kwa hiari ya Taji hilo. Watu waliozaa watoto na kuzika wazazi wao hapo wakawa wageni kisheria. Serikali haikuwafukuza moja kwa moja, wala haikuwapa maji, barabara au ruhusa ya kujenga nyumba za kudumu. Iliwaacha wakae bila kukaa.

Mji uliobaki ulifuata mantiki hiyohiyo. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nairobi ya kikoloni ilimpa Mwafrika jembe siku ya kwanza, na kitanda ikamnyima. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande kinachoonyesha mwajiri wake; asiye na mwajiri alihesabiwa mzururaji. Machi 16, 1922, umati uliokusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe ulipigwa risasi mbele ya kituo cha polisi, hatua chache kutoka Norfolk, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Thuku alikuwa amepinga kipande, kodi na mishahara duni, mambo yaliyoamua nani akae mjini na kwa masharti gani. Vijiji vya Waafrika vilivyokuwa karibu na katikati ya mji vilivunjwa kimoja baada ya kingine, hadi Pangani ilipomalizwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wakasukumwa Pumwani na mitaa mingine ya mashariki. Nyumba chache zilizojengwa na serikali au reli zilikuwa vyumba vya makapera, kana kwamba mfanyakazi hana mke wala watoto. Aliyetaka kuishi na familia yake, au aliyekosa nafasi, alitafuta chumba cha kupanga kwa Mnubi wa Kibera. Mji ulipowakataa wafanyakazi wake, waliowalaza ni watu ambao wenyewe hawakuwa na haki ya kukaa.

Kawangware ilifika palepale kwa njia nyingine. Dagoretti ilikuwa sehemu ya rezevu ya Wakikuyu, nje ya mpaka wa mji, na ardhi yake ilikuwa ya koo na familia. Upande wa pili wa mpaka, wamisionari wa Kifaransa wa St. Austin's walipanda kahawa, na baadaye Lavington ikastawi kwenye ardhi hiyo ya misheni. Nyumba kubwa zilihitaji wapishi, yaya, watunza bustani na walinzi, na wengi wao walihitaji pa kulala wanapoweza kufika kwa miguu. Mpaka wa Nairobi ulipopanuliwa wakati wa uhuru na kuimeza Dagoretti, wenye mashamba walijikuta mjini bila kuhama. Mashamba yakakatwa ploti, na ploti zikajaa vyumba vya mabati vya kukodisha. Kibera ilisimama juu ya ardhi ya serikali, Kawangware juu ya ardhi yenye hati, lakini kazi ya mitaa yote miwili ilikuwa moja: kumlaza mtu ambaye Nairobi ilitaka nguvu zake tu.

Itasemwa kwamba ninaipa sheria ya kikoloni uzito kupita kiasi, kwa kuwa mitaa hii ilifurika hasa baada ya mwaka 1963, watu walipohamia mjini kwa hiari. Ni kweli kwamba wengi walikuja baada ya uhuru. Lakini wingi wa watu hauelezi kwa nini walikwenda hapo hasa, wala kwa nini wamekaa miongo mingi bila hati na bila mifereji ya maji machafu. Serikali huru ilirithi ramani iliyokwisha kuchorwa. Ilikata sehemu za Kibera kujenga mitaa ya wenye mishahara, huku mabanda yakiongezeka kwa ruhusa ya mdomo ya watawala wa eneo. Pingamizi la pili ni zito zaidi: wenye vyumba hawakuwa wakarimu, walikuwa wafanyabiashara, na wengi waliwatoza wapangaji kodi kubwa kwa chumba kibovu. Nakubali. Hata hivyo, unyonyaji huo uliwezekana kwa sababu mpangaji hakuwa na pa kwenda, na kumkosesha pa kwenda kulikuwa sera.

Linabaki swali la kutazama. Tangu miaka ya 2000, ziara za kutembeza watalii Kibera zimekuwa biashara. Mwaka 2010 Kennedy Odede, aliyekulia huko, aliandika katika New York Times kuzipinga, akisema zinageuza umaskini kuwa maonyesho. Hoja yake ina nguvu, kwa sababu ziara hizo humwonyesha mgeni matope bila kumwambia nani aliyekataza mfereji. Dawa ya ziara hizo ni kuirudisha historia mahali pake. Anayefika Kibera aelezwe habari za makaburi ya Wanubi, msikiti wa Makina na Laini Saba, palipokuwa uwanja wa jeshi wa kujifunzia shabaha. Aonyeshwe ramani ambayo vijana wa Kibera walianza kuichora mwaka 2009, wakati ramani za umma ziliuacha mtaa wao wazi. Ajue kwamba Wanubi walikabidhiwa hati ya ekari 288 tu mwaka 2017, na kwamba mwaka uliofuata maelfu ya wakazi walibomolewa nyumba kupisha barabara. Kisha avuke hadi mpaka wa Lavington na Kawangware asubuhi, atazame wanaotembea kwenda kazini, na akumbuke mpaka huo uliwekwa na nani.

Wanaoandika miongozo ya Nairobi, na shule zinazofundisha historia ya mji, wana wajibu wa kuanzia hapa. Norfolk iliwalaza wageni wachache kwa raha. Kibera na Kawangware zimewalaza waliojenga mji, wakaupikia, wakaufagia na kuulinda usiku, na zimefanya hivyo chini ya sheria zilizowahesabu kuwa wapitao. Mji unaojua hivyo hauna haki tena ya kuwaita wakazi hao tatizo la makazi. Una deni kwao, na deni hilo linalipwa kwa hati, maji na nyumba za kudumu katika ardhi ileile waliyoitunza kwa zaidi ya miaka mia moja.