Minova: bei ya kiraka kimoja, tangu mpira wa Bula Matari hadi kwa kwado wa leo

Ukipita barabara ya kitaifa nambari 2 hapa Minova, wilayani Kalehe, utamtambua kwado kutoka mbali: mpira mkuukuu wa gari umesimamishwa kando ya njia, pembeni beseni la maji machafu, pompi, na vijana wawili watatu wanaongoja kazi. Hakuna bei iliyoandikwa. Bei inatoka mdomoni, na mara nyingi inatoka gurudumu likiwa limekwisha kufunguliwa.

Hapo ndipo kelele zinaanza. Shofa anasema amenyang'anywa, kwado anasema gundi imepanda. Abiria wako juani. Na mwishowe anayelipa si shofa. Ni mama mwenye gunia la mihogo atakayeongezewa nauli, ni mhami anayetaka kurudi Shasha ama Bweremana kuangalia kama nyumba yake ingali imesimama. Kwa hiyo bei ya kuziba mpira inatuhusu hata sisi tusio na gari. Tena ina historia, na Wakongomani tumo ndani ya historia hiyo tangu mwanzo.

Mwaka wa 1888, mganga wa wanyama aliyeitwa John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekaa Belfast, alifunga mipira yenye hewa kwenye kibaiskeli cha mtoto wake. Kibaiskeli kikawa chepesi, hakirukiruki tena kwenye mawe. Lakini mpira wenye hewa unatoboka. Wakati ule ulikuwa umegandishwa kwenye chuma kwa gundi: kuutoa na kuuziba kulikula saa nzima nzima, kisha unangoja gundi ikauke usiku kucha. Ndugu wawili wa familia ya Michelin, huko Clermont-Ferrand nchini Ufaransa, wakatengeneza mpira unaoweza kufunguliwa. Septemba 1891, Charles Terront alishinda mashindano ya baiskeli ya Paris–Brest–Paris akiwa na mipira hiyo. Ukitoboka, unazibwa njiani na safari inaendelea. Naweza kusema kazi ya kwado ilizaliwa siku hizo.

Mwezi huo huo wa Septemba 1891, mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitia sahihi amri ya kuufanya mpira na pembe za ndovu za Kongo kuwa mali ya serikali yake. Sisi kwa Kiswahili tunaita «mpira» vyote viwili, utomvu wa porini na kile kitu kilicho chini ya gari, na hatukosei. Mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa hayajakomaa. Ulaya na Marekani zilitaka mpira kwa haraka, na misitu ya Kongo ilijaa kamba za porini zenye utomvu huo.

Kila kijiji kilipangiwa uzito wa kuleta. Wanaume waliingia msituni siku nyingi, wengine wakijipaka utomvu mwilini ili ukauke, kisha wanaubandua pamoja na manyoya ya ngozi. Wanawake wao waliwekwa mateka mpaka mpira ufike. Waliopunguza uzito walipigwa fimbo, wengi waliuawa, mikono ilikatwa. Malipo yalikuwa chumvi kidogo, kipande cha kitambaa, shanga. Pengine hakuna kitu. Aliyepima ni mtu wa kampuni, aliyetaja bei ni yeye, na mwenye bunduki ni askari wake.

Mtu aliyefichua jambo hili hakuwa mpelelezi. Edmund Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Waingereza, akifuatilia mizigo kwenye bandari ya Antwerpen. Aliona meli zinafika kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, lakini zinaporudi zinabeba hasa bunduki na risasi. Akajiuliza: kama watu wa Kongo wanauza mpira, malipo yao yako wapi? Hesabu peke yake ilimwambia kwamba pale hapakuwa na biashara. Mwaka wa 1903 Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipanda mto akaona kwa macho. Ripoti yake ikatoka 1904. Mwaka wa 1908 Leopold akalazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji nchi ile.

Kwetu Kivu hakukuwa kitovu cha mpira. Mateso makubwa yalikuwa Equateur na upande wa Mai-Ndombe. Sisi tulijua kazi ya lazima zaidi kwa njia nyingine: barabara zilizochimbwa kwa mikono, na mashamba ya kahawa, chai na kinini yaliyoenea baada ya Comité National du Kivu kuundwa mwaka wa 1928, wakati Bukavu ingali ikiitwa Costermansville. Hata hivyo mpira ulirudi. Mwaka wa 1942 Wajapani waliteka Malaya na visiwa vya jirani, magari ya vita ya Wazungu yakakosa mipira, na Bula Matari akaongeza siku za kazi ya lazima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Watu wakarudishwa msituni kutafuta zile zile kamba za porini.

Simlinganishi kwado wa Minova na Leopold, Mungu aepushe. Ninachoangalia ni namna bei ilivyotajwa: upande mmoja unapima na kutaja peke yake, na upande wa pili hauwezi kuondoka. Gari likiwa juu ya jeki, gurudumu chini, jua linazama, shofa naye hawezi kuondoka.

Na barabara yetu inazaa matundu. Mei 2023 mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua watu zaidi ya 400 na kuharibu njia. Februari 2024 vita vya Sake vilikata barabara ya Goma, biashara yote ikashuka ziwani. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo, meli iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, makumi ya watu wakafa. Januari 2025 waasi wa M23 walichukua Minova, kisha Goma. Benki za Goma zikafungwa, na noti zinazozunguka zimechakaa mpaka kwado mwenyewe anazikataa. Vijana wengi wanaoziba mipira leo ni wahami: kazi hii haihitaji mtaji mkubwa.

Nilikaa nusu siku kwa kwado mmoja karibu na soko. Mteja akifika, yeye hafungui kitu kabla hajasema bei: kufungua na kufunga, kiasi fulani, kila tundu, kiasi fulani. Halafu anajaza hewa, anazamisha mpira wa ndani katika beseni na kumwita shofa: «Papa shofa, njoo uhesabu mapovu.» Kila mahali panapotoka povu anatia alama. Anakwaruza, anapaka gundi, anaiacha ikauke kidogo, ndipo anabandika. Mwisho anauzamisha tena, mapovu yasionekane. Nilimwuliza kwa nini anamwita mteja. Alinijibu kwamba tundu lililoonekana na watu wawili haligombaniwi.

Kuna ujanja wa kuangalia. Msumari ukibaki katika mpira wa nje, kesho utarudi kulipa tena, kwa hiyo kwado apitishe mkono ndani, taratibu, kabla ya kufunga. Chuma cha kufungulia nacho kinaweza kubana mpira wa ndani na kuutoboa. Tundu hilo si lako, usililipe. Nao shofa wasimgeuze kwado mwizi kila siku: anayedai kiraka cha bure kwa sababu ana haraka, ama ana silaha, anamnyang'anya kijana chakula cha jioni.

Ukiambiwa mpira wa ndani umekufa kabisa, uombe uondoke nao. Unakatwa kuwa kamba za kufungia magunia kwenye pikipiki, na zina mnunuzi. Mpira wa nje unakuwa viatu, ama unavalishwa magurudumu ya mbao ya tshukudu zinazobeba makaa na viazi mpaka Goma.