Duara Lililopimwa na Mlima

Februari 1985, mashine za kuchimba zilianza kutoboa ardhi ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Kituo cha utafiti cha CERN kilihitaji handaki la mzingo wa kilomita 27, ambamo elektroni na positroni, pacha zake zenye chaji chanya, zingezungushwa kwa pande zinazopingana, kisha zigonganishwe. Mashine hiyo iliitwa LEP.

Ukubwa huo haukuwa fahari. Elektroni ikipindishwa njia hutoa mwanga na kupoteza nishati. Nishati yake ikiongezwa maradufu, upotevu wa kila mzunguko huwa mara 16. Nafuu hupatikana kwa kupanua duara, ili kona isiwe kali.

Lakini magharibi ulikuwepo mlima wa Jura, wenye chokaa iliyojaa nyufa na maji ya shinikizo kubwa. Chini ya Mkurugenzi Mkuu Herwig Schopper, ramani ilibadilishwa: duara likapunguzwa na kusogezwa mbali na mlima, zikabaki kilomita 3 hivi ndani ya chokaa. Likainamishwa pia kwa asilimia 1.4 kuelekea Ziwa Geneva. Naliona hilo kuwa uamuzi wa busara kuliko yote katika historia ya mradi ule. Hata hivyo maji yalifumka ndani ya Jura na kuchelewesha kazi, na pete haikukamilika hadi Februari 1988.

Kwa kweli si duara kamili. Ni matao manane yaliyounganishwa na vipande vinane vilivyonyooka, na katika vinne kati ya hivyo chembe ziligonganishwa. Usahihi wa LEP ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mvuto wa mwezi, uleule unaoleta maji kujaa na kupwa, ulirefusha mzingo kwa takriban milimita moja, na wanafizikia wakauona katika vipimo vyao.

LEP ilizimwa mwaka 2000 ili kuipisha LHC, mashine ya protoni. Protoni ni nzito na hutoa mwanga kidogo sana. Kwake shida ni kuipinda. Zilihitajika sumaku kuu 1,232, kila moja ya mita 15, zilizopozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Protoni nazo huzungushwa kwa pande zinazopingana, lakini zote zina chaji chanya, hivyo kila upande ulidai bomba na uga wake wa sumaku, ilhali handaki lile halina hata upana wa mita nne. Wahandisi wakatia mabomba yote mawili ndani ya sumaku moja, na tarehe 10 Septemba 2008 protoni zikakamilisha mzunguko wa kwanza.