Penny, Pennies na Pence

Shikeni kalamu.

Katika lugha yetu shilingi ni shilingi tu, ikiwa moja au zikiwa mia. Kwa Waingereza sivyo. Sarafu yao ndogo kuliko zote huitwa penny, nayo ina wingi wa namna mbili. Ukihesabu vipande vilivyomo mkononi, sema pennies. Ukitaja thamani, sema pence. Basi mwenye six pennies ana vipande sita. Lakini sixpence ni kiasi cha fedha, na tena lilikuwa jina la sarafu moja nyeupe iliyoanza kupigwa mwaka 1551, zamani za Mfalme Edward wa Sita. Sarafu hizo zikiwa mbili, waliziita sixpences. Wingi juu ya wingi! Msicheke, maana mgeni naye hushangaa akisikia kwamba wingi wa jino ni meno.

Hapo zamani pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi pence 12. Yaani pauni ilikuwa pence 240. Katika hesabu pence ziliandikwa kwa herufi d, ambayo haimo katika neno penny hata kidogo. Ilitokana na denarius, sarafu ya Warumi wa kale.

Tarehe 15 Februari 1971 Waingereza waliiacha hesabu hiyo, pauni ikawa pence 100, na herufi ikawa p. Hapo palikuwa na hatari. Neno lilikuwa lile lile, bali thamani siyo ile. Penny mpya moja ilikuwa sawa na pence 2.4 za zamani. Kwa hiyo 6p ilikuwa zaidi ya mara mbili ya 6d, na mnunuzi asiyeangalia ile herufi moja aliweza kupoteza fedha yake. Ndiyo sababu sarafu mpya ziliandikwa new penny na new pence, na neno new, yaani mpya, halikuondolewa mpaka mwaka 1982.

Siku hizi utawasikia Waingereza wengi wakisema one pence. Kwa kanuni ni kosa, nanyi msiliige katika mtihani.

Sasa andikeni. Juma ana sarafu tatu za 2p. Je, ana pennies ngapi, na pence ngapi?

Jibu: Pennies hana hata moja. Pence anazo sita.