Budo: Kilima cha Wafalme na Wasichana Wake

Masimulizi ya Waganda yanasema kwamba Kintu alimshinda Bemba na kutwaa ufalme katika kilima cha Budo. Ndiyo maana Kabaka mpya, yaani mfalme wa Buganda, hupelekwa Naggalabi, kilimani hapo, kutawazwa. Kwenye kilima hicho, tarehe 29 Machi 1906, wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society (CMS) walifungua shule ya bweni yenye wavulana 21. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto wa miaka tisa, na nchi iliendeshwa na mawakili waliotawala kwa niaba yake, Apolo Kaggwa akiwa mbele. Kwa mahali kama hapo jina halikuhitaji kutafutwa mbali. Shule iliitwa King's School, na baadaye King's College Budo. Machi 2026 inatimiza miaka 120.

Mwasisi wake alikuwa Mchungaji H. W. Weatherhead, na baada yake uongozi ukashikwa na ndugu yake, H. T. C. Weatherhead. Wakati huo Wakatoliki walikuwa tayari na Namilyango, iliyofunguliwa mwaka 1902, na CMS yenyewe ilikuwa imewafungulia wasichana shule ya Gayaza mwaka 1905. Mpango ulikuwa bayana: binti akasome Gayaza, mvulana apande Budo aandaliwe kutawala. Wengi wa wavulana hao wa mwanzo walikuwa watoto wa machifu, waliozoea kutumikiwa nyumbani. Walipofika shuleni walikuta wanatakiwa kufanya kazi za mikono pamoja na masomo ya darasani, na H. T. C. Weatherhead aliona faida ya jambo hilo kiasi cha kuliandikia makala mwaka 1914.

Historia ya Budo kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya wakubwa, na majina hayo ni mazito kweli. Kabaka Edward Mutesa II alisoma hapo, akatawazwa kilimani hapo hapo Novemba 1942, na mwaka 1963 akawa rais wa kwanza wa Uganda. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, urais ulishikwa na Yusuf Lule kwa siku 68, kisha na Godfrey Binaisa. Wote wawili ni zao la Budo. Abu Mayanja, mmoja wa waanzilishi wa chama cha Uganda National Congress mwaka 1952, naye alipitia madarasa hayo. Lakini kwa maoni yangu, uamuzi mkubwa kuliko yote uliowahi kufanywa kilimani haukumhusu mfalme wala rais. Ni ule wa kuwaingiza wasichana.

Uamuzi huo ulikuja wakati wa Kanoni H. M. Grace, mkuu wa shule kuanzia 1926 hadi 1934. Palikuwa na Gayaza, shule nzuri na yenye heshima, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai kwamba wasichana hawana pa kusoma. Swali lilikuwa jingine: je, binti na mvulana wa Kiafrika wanaweza kuketi darasa moja, wakafanya mtihani mmoja, na usiku kila mmoja akarudi kwenye bweni lake bila aibu kwa wazazi? Mzazi wa miaka ya 1930 alikuwa na haki ya kuogopa. Budo ilijibu kwa vitendo, wasichana wachache kwanza. Grace mwenyewe aliondoka Uganda akaenda kuongoza Achimota, Gold Coast, shule nyingine iliyokuwa ikisomesha wavulana na wasichana pamoja.

Uzito wa hatua hiyo utaupima ukiitazama Makerere. Chuo hicho kilikuwa na wito uliowataka wanafunzi wawe wanaume, na hakikupokea wanawake hadi mwaka 1945, walipoingia sita. Mmoja wa hao sita alitoka Budo: Sarah Nyendwoha, binti wa Hoima, Bunyoro. Alitaka kusoma hisabati. Mhadhiri alikataa kufundisha darasa lenye wanawake, naye akalazimika kugeukia masomo mengine. Hakukata tamaa. Mwaka 1951 aliingia Oxford, na mwaka 1954 akatoka na shahada, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuwa nayo. Aliporudi kufundisha aliambiwa mshahara wake utakuwa chini ya ule wa wanaume kwa sababu ni mwanamke, akasema basi afadhali afundishe bure, na wakuu wakarudi nyuma. Aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro aliyekuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Alifariki mwaka 2018. Ushupavu ule hakuupata Oxford. Alikuwa amekwisha kuketi na wavulana tangu Budo, akajua hawana akili ambayo yeye hana.

Shule haikukosa misukosuko. Mwaka ule ule wa 1942 wa kutawazwa Mutesa palizuka ghasia za wanafunzi, shule ikafungwa kwa muda, chini ya mkuu wake Dennis Herbert, aliyekuja kuwa Bwana Hemingford. Timothy Cobb aliongoza kuanzia 1947 hadi 1958, katika miaka ambayo Gavana Andrew Cohen alimpeleka Kabaka uhamishoni, na hakuna Mwana-Budo aliyeweza kuyatazama hayo kama mambo ya watu wengine.

Jirani na shule kubwa ipo shule ya watoto wadogo, Budo Junior, ambako Kabaka wa sasa, Ronald Muwenda Mutebi II, alianzia masomo kabla ya kwenda Uingereza. Mwaka 1993 alirudi kilimani kutawazwa. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo njia: mtoto huanza Budo Junior, kisha huomba Mungu apate nafasi katika shule kubwa. Usiku wa tarehe 14 Aprili 2008 bweni la wasichana la Budo Junior liliteketea kwa moto, wakafa watu wapatao 20, karibu wote wasichana wadogo. Historia yoyote ya kilima hiki ikiruka usiku huo, haijawatendea haki wale watoto.

Wito wa shule ni wa Kiganda, *Gakyali mabaga*, yaani ndiyo kwanza tumeanza. Kwa upande wa wasichana, hata kuandika hatujaanza vya kutosha. Makabaka na marais wamekwisha kuandikiwa vitabu. Wanawake waliopanda kilima miaka ya 1930 na 1940 wamebaki hai wachache mno. Mwenye bibi au mama aliyesoma Budo enzi hizo amketishe, amuulize jina la bweni lake, nani alimfundisha, na baba alisema nini siku ya kuondoka nyumbani, kisha ayaandike.