Bahasha na Mzigo: Historia ya Usafirishaji wa Data Kubwa na Salama katika Huduma za Wavuti, 2000–2011

Itifaki ya SOAP, toleo la 1.1, iliyowasilishwa kwa shirika la W3C mwezi Mei 2000, ilijengwa juu ya dhana moja: ujumbe ni bahasha ya XML yenye kichwa na mwili, inayosomeka na kompyuta ya aina yoyote. Dhana hiyo iliwafaa waliotuma oda za bidhaa au maswali mafupi. Haikuwafaa waliohitaji kutuma picha za eksirei, michoro ya kihandisi au hati zilizoskaniwa, kwa kuwa XML ni maandishi na haipokei baiti ghafi. Makala haya yanatetea hoja kwamba suala la ukubwa wa data na suala la usalama wake, ambayo aghalabu husimuliwa kando kando, yana historia moja.

Njia ya kwanza ilikuwa kugeuza baiti kuwa maandishi kwa mfumo wa Base64, uliorithiwa kutoka kwenye barua pepe. Kwa njia hiyo, kila baiti 3 huwa herufi 4. Faili la megabaiti 30 husafiri likiwa na takribani megabaiti 40. Hata hivyo, kila kitu hubaki ndani ya bahasha. Desemba 2000, W3C ilichapisha taarifa iliyoeleza njia tofauti: baiti ghafi ziwekwe nje ya bahasha, katika sehemu za MIME, na ndani ya bahasha ibaki rejea tu. Umbizo la DIME, lililofuata baadaye, lilirahisisha usomaji kwa kutaja mapema urefu wa kila sehemu, lakini nalo liliuacha mzigo nje.

Athari ya uamuzi huo ilidhihirika mwaka 2002, IBM, Microsoft na VeriSign zilipochapisha WS-Security, ambayo OASIS iliipitisha kuwa kiwango mwaka 2004. Kabla ya hapo, tegemeo kuu lilikuwa kulinda njia ya mawasiliano. Ulinzi wa namna hiyo hukoma kila ujumbe unapofika kwenye seva ya kati. WS-Security iliuhamishia ulinzi ndani ya ujumbe wenyewe, kwa kusaini na kusimba vipengele vya XML. Kwa mantiki hiyo, sahihi iliyohusu bahasha pekee haikusema lolote juu ya kiambatisho. Hati ingeweza kubadilishwa njiani na sahihi ikaendelea kuthibitika. Kanuni mahususi za kulinda viambatisho zilikuja kuwa kiwango cha OASIS mwaka 2006.

Wakati huo W3C ilikwisha kutoa jibu jingine. Tarehe 25 Januari 2005 ilipitisha MTOM pamoja na XOP. Kimantiki, data hubaki kipengele cha bahasha, kana kwamba imeandikwa kwa Base64. Kimwili, husafirishwa kama baiti ghafi katika sehemu ya MIME. Sahihi hukokotolewa juu ya umbo la kimantiki, hivyo mzigo nao hulindwa. Gharama haikutoweka: anayesaini na anayethibitisha hulazimika kurejea kwenye umbo la maandishi. Kilichookolewa ni upana wa njia, si kazi ya prosesa.

Hata bahasha iliyokamilika haikuwa salama kwa sababu tu imesainiwa. Mwaka 2005, McIntosh na Austel walionyesha kuwa kipengele kilichosainiwa kinaweza kuhamishiwa mahali pengine katika ujumbe, na mwili wa bandia ukawekwa mahali pake. Sahihi huthibitika, lakini seva hutekeleza agizo la mshambuliaji. Mwaka 2011, Jager na Somorovsky walithibitisha kwamba data iliyosimbwa kwa hali ya CBC inaweza kufumbuliwa bila ufunguo, kwa kuchunguza tu majibu ya makosa yanayotolewa na seva.

Kwa jumla, kila hatua ya kupunguza uzito wa ujumbe iliibua upya swali la mipaka yake: kipi kimo ndani, kipi kiko nje, na nani anakidhamini. MTOM ilidumu kuliko DIME kwa sababu ilijibu swali hilo kabla ya kuhesabu baiti. Mashambulizi yaliyofuata yanaonyesha kwamba jibu hilo halitoshi iwapo sehemu inayothibitishwa na sehemu inayotekelezwa si ile ile.