Uwezo wa kutembea kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito

Uwezo wa kutembea kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito ni sehemu ya uchunguzi anaofanyiwa mtu mwenye unene wa kupindukia kabla hajapasuliwa tumbo. Jambo hili lina pande mbili. Upande mmoja ni vipimo vya wahudumu wa afya. Upande wa pili ni wasiwasi wa mgonjwa mwenyewe, anayejiuliza kama miguu itamfikisha hospitali, kama ataweza kuinuka kitandani baada ya kupasuliwa, na kama magoti yatamrudisha shambani. Makala hii inaeleza suala hilo kwa jumla, kisha inaangalia Kegonga, mji wa Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, pamoja na kaunti jirani ya Homa Bay.

Historia fupi ya upasuaji

Majaribio ya kwanza ya kupunguza uzito kwa kisu yalifanyika Sweden na Marekani katika miaka ya 1950, kwa kufupisha njia ya chakula ndani ya utumbo mwembamba. Mwaka 1966 Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa walianzisha upasuaji wa kuugawa mfuko wa tumbo na kuuunganisha na utumbo. Miaka ya 1990 madaktari walianza kupasua kupitia matundu madogo, hatua iliyopunguza maumivu na kumwezesha mgonjwa kusimama mapema. Njia inayotumika zaidi leo ni kuondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo na kubakiza mrija mwembamba.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 uliruhusu upasuaji kwa mtu mwenye BMI (kipimo cha uzito kulingana na kimo) ya 40 au zaidi, au 35 akiwa na maradhi yanayoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya madaktari wa fani hii vilishusha kizingiti hadi 35 hata bila maradhi mengine, na 30 kwa wenye kisukari au magonjwa yanayohusiana nacho.

Sababu za miguu kushindwa

Goti ndilo hulalamika kwanza. Utafiti wa Stephen Messier na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, uliwafuatilia wazee wanene wenye magoti yaliyolika na kuonyesha kuwa kila kilo moja iliyopungua mwilini iliondoa takriban kilo nne za mzigo gotini katika kila hatua. Kiuno, nyonga na nyayo nazo hubeba sehemu yao. Mwenye kisukari cha muda mrefu huweza kupoteza hisia za miguu, akawa hajui anakanyaga wapi. Wengine huvimba miguu, wengine huishiwa pumzi kabla ya kumaliza uwanja wa nyumba.

Mambo haya hushikana. Anayeumia hupunguza kutembea, misuli ya mapaja hulegea, uzito huongezeka, na maumivu huzidi. Kwa hiyo kumwita mtu wa namna hii mvivu ni dhuluma, tena ni kosa la kitabibu, kwa kuwa humfanya afiche dalili ambayo daktari anaihitaji.

Wasiwasi wa wagonjwa

Wasiwasi unaotajwa mara nyingi ni kuanguka, kushindwa kupanda ngazi, kuwa mzigo kwa watu wa nyumbani, na kuambiwa na daktari kwamba uzito umezidi kiasi cha kupasuliwa. Mashambani kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji: choo cha shimo. Mwenye goti bovu hushika ukuta au mlango, hujishusha taratibu hadi achuchumae, na kazi ngumu huanza anapotaka kuinuka. Mwenye vidonda vibichi tumboni atalazimika kufanya hivyo kila siku. Dawa yake ni rahisi: kiti imara cha mbao chenye tundu, kinachowekwa juu ya shimo, na upau wa kushikia uliopigiliwa ukutani. Fundi seremala wa kijijini anaweza kuvitengeneza vyote viwili kabla ya siku ya upasuaji, si baada yake.

Vipimo vya uwezo wa kutembea

Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha kutembea kwa dakika 6, ambacho Chama cha Madaktari wa Kifua cha Marekani kilikitolea mwongozo mwaka 2002. Huhitaji njia tambarare ya mita 30, alama ya kugeuzia kila mwisho, kiti, saa, na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Mgonjwa huambiwa aende umbali mrefu kadiri awezavyo, bila kukimbia. Anaruhusiwa kupunguza mwendo, kusimama, hata kuegemea ukuta, lakini saa haisimamishwi. Mpimaji hatembei mbele yake asije akamwongezea kasi. Mwishoni huandikwa umbali, mapigo ya moyo, na jinsi mgonjwa mwenyewe anavyokadiria kuhema na kuchoka kwake. Kipimo hiki hakidai mtambo wa gharama. Veranda ndefu ya hospitali ya kaunti ndogo inatosha.

Vipimo vingine ni kuhesabu mara ngapi mtu anainuka kitini ndani ya sekunde 30 akiwa amekunja mikono kifuani, na kupima muda anaotumia kuinuka, kwenda mita 3, kugeuka na kurudi kukaa.

Ushahidi mzito kuhusu umuhimu wa jambo hili ulitoka katika utafiti wa Marekani ujulikanao kama LABS, uliochapishwa mwaka 2009. Wagonjwa 4,776 waliopasuliwa katika hospitali 10 walifuatiliwa kwa siku 30. Waliokufa walikuwa asilimia 0.3, na waliopatwa na madhara makubwa walikuwa asilimia 4.3. Mambo yaliyoongeza hatari hiyo ni pamoja na historia ya damu kuganda kwenye mishipa, tatizo la kukatika pumzi usingizini, na kushindwa kutembea futi 200, yaani kama mita 61. Hivyo swali la mgonjwa kuhusu miguu yake lina uzito uleule wa swali la daktari kuhusu moyo na mapafu.

Matokeo hayo husomwa vibaya yanapogeuzwa kuwa sababu ya kumfukuza mgonjwa. Mwaka 2016 watafiti wa mradi huohuo walitoa taarifa ya wagonjwa 2,458. Mwaka mmoja baada ya upasuaji, asilimia 57.6 walikuwa wamepata nafuu ya maana ya maumivu ya mwili, asilimia 76.5 waliongeza uwezo wa kufanya shughuli, na asilimia 59.5 walitembea mita 400 kwa muda mfupi kuliko mwanzo. Baadhi ya nafuu hiyo ilipungua kufikia mwaka wa tatu, ingawa wengi waliendelea kuwa bora kuliko walivyoanza. Miguu dhaifu, basi, inadai maandalizi zaidi, haifungi mlango.

Maandalizi

Mtaalamu wa fiziotherapia huanza na kile ambacho mgonjwa anaweza. Asiyeweza kusimama muda mrefu hufanya mazoezi akiwa ameketi, kwa kunyoosha goti moja baada ya jingine, kuinua visigino na kusukuma mikono. Anayeweza kutembea hupangiwa vipindi vifupi vingi kwa siku, na umbali huongezwa kidogokidogo. Mkongojo au fremu ya kutembelea haimfanyi mtu kuwa mlemavu. Humwezesha kwenda mbali zaidi bila kuanguka.

Uvutaji wa sigara husimamishwa wiki kadhaa kabla, kwani huchelewesha vidonda kupona na huchangia damu kuganda. Jambo hilo lina maana ya pekee Migori, kaunti inayojulikana kwa kilimo cha tumbaku. Hospitali nyingi humpa mgonjwa lishe yenye nguvu kidogo kwa takriban wiki mbili ili ini lisinyae na kumwachia daktari nafasi ya kufanya kazi. Mwenye tatizo la kukatika pumzi usingizini hupewa mashine ya kumsukumia hewa.

Dawa za maumivu huhitaji uangalifu. Diclofenac na ibuprofen, ambazo wengi hununua duka la dawa bila kuandikiwa, huweza kuleta vidonda vya tumbo, na aliyeunganishwa tumbo na utumbo hushauriwa aziepuke. Ni vyema mgonjwa wa magoti azungumze mapema kuhusu atakachotumia badala yake.

Ili kuzuia damu kuganda, hospitali hutumia sindano za heparini, soksi au mashine za kubana miguu, na zaidi ya yote kumsimamisha mgonjwa saa chache baada ya kuzinduka. Aliyejizoeza nyumbani kugeuka ubavu, kushusha miguu na kujisukuma kwa mikono huinuka kwa urahisi zaidi siku hiyo.

*Magoti kwanza au tumbo kwanza?* Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2022 liligawa kwa bahati nasibu wagonjwa 82 wanene waliokuwa wakisubiri goti la bandia. Waliotangulizwa kwenye upasuaji wa kupunguza uzito walipata madhara kwa asilimia 14.6, dhidi ya asilimia 36.6 ya wenzao. Isitoshe, asilimia 29.3 yao walipata nafuu hadi wakakataa kuwekewa goti.

Kegonga na kaunti za Migori na Homa Bay

Kegonga iko katika nchi ya vilima ya Wakuria, karibu na mpaka wa Tanzania. Maisha yake ni ya jembe, ng'ombe na soko, na asiyeweza kutembea hukosa yote matatu. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua upya Septemba 2023 wakiwa na mikoba yenye mizani na vipimo vya presha na sukari, ndio mara nyingi hufika kwanza kwa mtu aliyefungiwa nyumbani na uzito wake.

Katika eneo zima la Ziwa Victoria, kupungua mwili kuna historia chungu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima kuwa asilimia 19.6 Homa Bay na 13.3 Migori. Kwa miaka mingi kukonda kulichukuliwa kuwa dalili ya ugonjwa huo, na kunenepa kuwa heri. Anayekwenda kupunguzwa uzito hukabili minong'ono ya namna hiyo pamoja na maumivu ya magoti.

Upasuaji wenyewe hufanyika zaidi Nairobi, ikiwemo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Upande wa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila, Dar es Salaam, hutoa huduma za kupunguza uzito, hasa ile ya puto linalowekwa tumboni bila kupasua.

*Safari.* Kutoka Kegonga mgonjwa hupita Kehancha, hushika barabara kuu ya Migori, Rongo na Kisii, kisha huelekea Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Pikipiki ndiyo hufika hadi mlangoni, lakini humtaka abiria avushe mguu juu ya kiti, jambo ambalo nyonga ngumu hukataa. Gari dogo lenye kiti cha mbele kinachosogezwa nyuma humfaa zaidi. Mradi wa utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza maradufu hatari ya damu kuganda, na unene huizidisha. Kwa sababu hiyo mgonjwa hushauriwa kusimama njiani, kutembea kidogo na kuchezesha vifundo vya miguu akiwa kitini. Baada ya upasuaji ushauri huu una uzito mkubwa zaidi, na kulala siku kadhaa kwa ndugu aliye karibu na hospitali kabla ya kurudi ni busara.

Baada ya upasuaji

Kutembea huanza siku ya kwanza. Kubeba mizigo mizito, kama debe la maji au gunia la mahindi, husubiri wiki kadhaa. Vidonge vya vitamini na madini huendelea maisha yote.

Umuhimu wa sasa

Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake Wakenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, kutoka asilimia 25 miaka mitano awali. Kadiri wagonjwa wa kupewa rufaa wanavyoongezeka, kipimo cha dakika 6 kinaweza kufanyika Kegonga kwenyewe na matokeo yake kuandikwa kwenye barua ya rufaa, ili daktari wa Nairobi ajue hali ya miguu ya mgonjwa na mazoezi yaanze wiki nyingi kabla ya safari.